Paka, Futa, Paka Tena

Hivi jamani, kuna kazi gani nyingine ambayo unaifanya kwa nguvu zote, halafu nusu yake ya pili ni kuondoa ulichokifanya? Mimi naijua moja tu: kupiga gari nta. Asubuhi unapaka, mchana kutwa unafuta ulichopaka. Jioni mke wangu anatoka nje, analizunguka gari, ananiuliza, "Baba, bado hujaanza?"

Eti kinachobaki ni tabaka jembamba lisiloonekana kwa macho. Haya, jasho langu lote limekwenda huko, kwenye kitu ambacho nikitaka kumwonyesha mtu sina budi kumwomba aniamini.

Sisemi kwamba nta yenyewe ni mbaya. Ile inayosifiwa sana, karnauba, hutoka kwenye majani ya mti wa jamii ya mitende unaoota kaskazini-mashariki mwa Brazili. Ni ngumu ajabu, haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 80 za Selsiasi, ndiyo maana huchanganywa na viyeyushi ili ikubali kupakika. Hiyohiyo ndiyo inayong'arisha peremende na vidonge vya dawa. Kwa hiyo peremende ya mwanangu nayo imepigwa nta. Tofauti ni kwamba yeye anaimumunya tu inakwisha, wala hajaambiwa atafute kivuli.

Mimi nimeambiwa. Bati likiwa la moto viyeyushi vinaruka upesi mno, nta inakauka kabla hujaifikia na kitambaa, na hapo kuifuta ni kazi ya adhabu. Sasa gari langu ni jeusi, likikaa juani kidogo tu boneti haishikiki. Nalipeleka wapi? Chini ya mti. Na juu ya mti wanakaa akina nani? Ndege! Na napaka nta kwa sababu ya nani? Ndege haohao, maana mavi yao yana asidi, yakiachwa yakapigwa na jua yanaila klia, lile tabaka la juu la rangi ambalo halifiki hata sehemu 1 ya 10 ya milimita. Kwa hiyo ili nijikinge na adui, imenibidi nikafungue karakana sebuleni kwake.

Shemeji akatokea. Shemeji yangu hajawahi kupaka nta maishani mwake, kwa hiyo ushauri anao mwingi. "Shemeji, mbona unabana? Weka ya kutosha!" Akachota donge, akalitandaza mlangoni kama siagi kwenye mkate. Nikamwambia, "Shemeji, nta nene haizidishi kinga, inazidisha kufuta." Akanijibu kwamba kufuta si tatizo. Alipofika wakati wa kufuta akakumbuka ana mgonjwa wa kumwangalia.

Na hapo sijafika kwenye bampa. Nta ikigusa ile plastiki nyeusi yenye vinyweleo, inaacha doa jeupe ambalo halisikii dua. Kwenye rangi, ambako unataka ikae, inaondoka baada ya wiki au miezi kadhaa. Kwenye plastiki, ambako hujaialika, inaweka makazi. Nimeisugua kwa mswaki. Mwanangu ananitazama, anauliza kama gari nalo linaota meno.

Kitambaa nacho kina masharti ya bwana harusi. Kiwe maikrofaiba, kiwe laini, kisifuliwe kwa dawa ya kulainishia nguo. Kikianguka chini, basi, ni marehemu mpaka kifuliwe, kwa sababu chembe moja ya mchanga inatosha kuchora rangi mizunguko ambayo jua likiwaka inasomeka yote.

Tuseme umemaliza. Raha pekee ya nta ni mvua: maji yanajikusanya matone ya duara, yanateleza yenyewe. Siku zote nikiosha gari, mvua haikosi. Nimepiga nta, nimetoa kiti kibarazani nikae nitazame matone yangu, mbingu kavu! Vumbi tu. Nikaona bora niende zangu ndani. Huko nyuma kijana wa kuosha, kwa moyo mweupe kabisa, akalisugua gari kwa sabuni ya kuoshea vyombo. Sabuni ile imetengenezwa kukata mafuta, nayo kazi yake inaijua.

Shemeji karudi tena. Safari hii kaleta habari za kinga ya kauri, yaani "ceramic", inayopakwa badala ya nta na kudumu miaka, si wiki. Nikafurahi, kwa mara ya kwanza mtu huyu kasema jambo la maana. Nikachukua karatasi ya maelekezo, nikavaa miwani. Sharti la kwanza kabisa: ondoa nta yote kwenye gari, futa kwa spiriti, isibaki hata chembe.

Nikainua kichwa kumtafuta shemeji. Mgonjwa wake kazidiwa tena.