Ruzuku ipo, lakini mtoto anabaki na nani?

Wanaosema misaada ya serikali haijamfaa kitu mama anayelea watoto peke yake hawatendi haki. Ruzuku ya TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii unaozipa fedha kaya maskini, ilipojaribiwa Bagamoyo, Kibaha na Chamwino kuanzia mwaka 2010, tathmini ilionyesha kaya zilizoipata zilijiunga zaidi na bima ya afya ya jamii na kununua mbuzi na kuku. Mpango ulipoenezwa nchini, wengi wa wanaopokea kwa niaba ya kaya wakawa wanawake. Novemba 2021 serikali iliruhusu msichana aliyejifungua arudi darasani, na kwa binti wa Tandika mwenye miaka 17 naona hilo ni kubwa kuliko ruzuku yoyote.

Tatizo ni kwamba Manzese ya Dar es Salaam si Chamwino ya vijijini Dodoma. Kule kuku anajitafutia. Huku maji, mkaa na chumba vyote vinanunuliwa, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Katika viwango vya awali vya mpango, kaya ilianza na shilingi 10,000 kwa mwezi na haikuweza kuvuka 38,000, hata watoto wote wakihudhuria shule na kliniki. Fedha hiyo inatuliza njaa. Kumtoa mtu kwenye umaskini wa Dar es Salaam ni kazi nyingine.

Halafu kuna suala la nani anaonekana. Walengwa hutambuliwa kwenye mtaa, na watu wanaojulikana. Singo maza aliyehamia Mbagala baada ya kodi kumshinda Mburahati ni mgeni kwa mjumbe wake. Aliyerudi kwa mama yake anahesabiwa ndani ya kaya ya bibi, ingawa mzigo wa watoto ni wake.

Wanaotetea mfumo watataja mikopo ya halmashauri: asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Ni hoja nzito. Mwanamke asiye na hati ya kiwanja hapati kwa urahisi mkopo benki, na kikundi ndiyo dhamana yake. Lakini mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023, ikarejea 2024, na katikati hapo wakopeshaji wa kausha damu, wale wa riba kubwa, hawakufunga milango. Kikundi nacho kinachagua watu. Mwenye mtoto mchanga na asiye na wa kumshikia ndiye wenzake wanayehofia atakosa vikao na marejesho.

Hapa ndipo naona pande zote mbili zinapitwa na jambo lenyewe. Mama lishe anayefuata samaki soko la Feri anaondoka nyumbani alfajiri. Mtoto wa miaka miwili anabaki na nani? Na jirani, kwa malipo, au na dada yake wa miaka tisa, ambaye siku hiyo hatakwenda shule, wakati mahudhurio ya shule ndiyo sharti la sehemu ya ruzuku! Programu ya taifa ya malezi na makuzi ya awali ya mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inavitaja vituo vya kulelea watoto mchana. Mtaani vingi ni vya watu binafsi, na vina ada.

Wapo wanaosema baba abanwe kwanza. Nakubaliana nao nusu. Sheria ya Mtoto ya 2009 ilifuta ile ya zamani iliyompangia baba matunzo yasiyozidi shilingi 100 kwa mwezi, na sasa mahakama inaangalia kipato chake. Hata hivyo kila safari ya ustawi wa jamii au mahakamani ni siku ya biashara iliyopotea, na baba anayeishi kwa vibarua hana mshahara wa kukatwa. Mtoto hashibi kwa hukumu.

Masoko ya Kisutu na Magomeni yamejengwa upya kwa fedha za umma. Kila soko la namna hiyo lingekuwa na kituo cha watoto kinachofunguliwa saa kumi na moja alfajiri, kwa ada ambayo muuza mboga anaimudu, mama angepata saa za kufanya kazi. Mimi ningeanzia hapo, kabla ya kuongeza hata shilingi moja kwenye ruzuku.