Kuitwa kwenye kikao cha bei ya umeme si sawa na kusikilizwa

Kampuni ya umeme ikitaka kupandisha bei, katika nchi nyingi hulazimika kwanza kupeleka maombi kwa mdhibiti, yaani tume inayosimamia bei, kisha wananchi huitwa watoe maoni. Utaratibu huu una umri wa zaidi ya karne moja. Majimbo ya Wisconsin na New York, Marekani, yaliunda tume za aina hii mwaka 1907, kwa sababu mteja asiye na muuzaji mwingine wa kumkimbilia anahitaji mtu wa kumtetea.

Wanaovitilia shaka vikao hivi wana hoja nzito. Ndani ya bei ya umeme mna mafuta, madeni, uchakavu wa mitambo na umeme unaopotea njiani, na ukumbi uliojaa hasira hauwezi kuipangua hesabu hiyo. Mdhibiti anayeogopa kuzomewa anaweza kushusha bei chini ya gharama; baada ya muda matengenezo yanaahirishwa, transfoma zinaungua na mgao unaanza. Ucheleweshaji nao una bei yake: kampuni ikikopa kuziba pengo huku shauri likisubiri, riba inarudi kwenye bili. Uingereza, ilipobinafsisha umeme mwaka 1990, iliweka ukomo wa bei wa miaka kadhaa uliofungwa na mfumuko wa bei, na maoni mengi yakapokelewa kwa maandishi. Njia hiyo ilipunguza mivutano, hilo nalikubali.

Hata hivyo, tazama kipengele kimoja tu, faida ya mwekezaji. Mwaka 1944 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la kampuni ya gesi ya Hope, ilisema kupanga bei ni kupima maslahi ya mwekezaji na ya mlaji kwa pamoja. Sasa kampuni yenye mtaji wa bilioni 1 ikiruhusiwa faida ya asilimia 10 badala ya 9, wateja wanalipa milioni 10 zaidi kila mwaka. Asilimia hiyo moja inatetewa na wataalamu wa kampuni, ambao mara nyingi ujira wao nao umo kwenye bili. Mteja anayepewa dakika 3 kueleza ugumu wa maisha anasema kweli tupu, lakini hampi mdhibiti hesabu ya kuegemea akitaka kupunguza faida hiyo.

Ndiyo maana naiona California iko mbele: vikundi vya wateja vikithibitisha kwamba mchango wao ulisaidia uamuzi, hurudishiwa gharama za mawakili na wataalamu. Wapinzani husema fedha hizo nazo hutoka kwa wateja. Ni kweli, lakini kumlipa anayekagua hesabu ni nafuu kuliko kulipa hesabu isiyokaguliwa.

Kuna pia mikataba ya kununua umeme, inayofichwa kwa jina la siri za biashara. Wakati wa zabuni, siri ina maana. Mkataba ukishasainiwa na gharama yake kuhamishiwa kwa mteja, mtetezi wake aruhusiwe kuusoma, hata kwa kiapo cha kutunza siri, wiki kadhaa kabla ya kikao. Mdhibiti naye aandike kwa nini alikataa kila hoja nzito. Na kampuni ikipita humo ikashinda, ipewe bei hiyo bila kukatwa, hata kama mwaka huo ni wa uchaguzi.