Dhamiri ya Kasisi Harding: Je, Trollope Alikosea?

Katika tawasifu yake iliyochapishwa mwaka 1883, mwandishi Mwingereza Anthony Trollope aliikosoa vikali riwaya yake The Warden ya mwaka 1855. Alisema alikosea kuyashambulia kwa pamoja maovu mawili yanayopingana: fedha za maskini kuishia mikononi mwa makasisi, na magazeti kuwaandama makasisi hao bila huruma. Ilimpasa achague upande mmoja aung'ang'anie.

Simkubalii.

Katika riwaya hiyo, mfanyabiashara wa sufu, John Hiram, aliyekufa mwaka 1434, aliacha mali, yakiwemo mashamba, ya kuwatunza wazee maskini 12 katika makao yao. Karne nne baadaye mashamba yamepanda thamani. Msimamizi wa makao hayo, Kasisi Septimus Harding, anapokea pauni 800 kwa mwaka. Kila mzee anapata shilingi 1 na peni 4 kwa siku, na Harding anamwongezea peni 2 kutoka mfukoni mwake. John Bold, daktari kijana anayempenda binti wa Harding, anaanzisha kesi kuhoji mgawanyo huo wa fedha. Gazeti la Jupiter linamrarua kasisi. Mkwewe, shemasi mkuu Grantly, anamtetea kwa ngurumo.

Trollope angechagua upande, tungepata hotuba. Kwa kuwa hakuchagua, tumepata Harding. Kesi inafutwa, Mwanasheria Mkuu anamwambia hana la kuhofia, na bado Harding anajiuzulu. Yeye hakuhangaikia ushindi. Alitaka kujua kama fedha zile ni haki yake. Anapolitamka hilo, mikono yake inapiga selo (ala kubwa ya nyuzi) isiyokuwepo, kama afanyavyo kila anapotaabika. Mtu huyu mwoga wa maneno anajieleza kwa muziki asioweza kuusikia mwingine. Sijui taswira ya dhamiri iliyo bora kuliko hiyo.

Hata hivyo, wanaomlaumu Trollope wana hoja nzito, nayo inahusu wazee. Abel Handy, mmoja wao, anayedai pauni 100 kwa mwaka kwa kila mmoja, amechorwa kama mlafi. Mwenzake Bunce, asiyedai kitu, ndiye mwema. Kisha wazee sita wanakufa, nafasi zao hazijazwi, bustani inageuka pori. Msimulizi anatusukuma tuone kwamba walioomba haki wamejiponza wenyewe. Hapo ndipo haki inapopinda, kwa sababu swali la Bold lilikuwa halali: katika zile pauni 800, ngapi zilikuwa za wazee? Riwaya hailijibu. Hasara yao inatwikwa mabegani mwa Bold na Handy, ilhali wenye mamlaka ya kanisa, walioiacha nafasi ya msimamizi wazi kwa miaka, wanapita bila kuulizwa.