Asidi ya laktiki inalaumiwa kupita kiasi

Kimbia mita 400 kwa nguvu zako zote. Zikibaki mita 100 miguu inakuwa mizito na mapaja yanawaka moto. Shuleni wengi tumefundishwa kwamba hiyo ni asidi ya laktiki, taka ya seli zilizokosa oksijeni, na kwamba ndiyo inayotuumiza hadi kesho yake. Nusu ya maelezo hayo inafaa kufutwa.

Glukosi ikivunjwa bila oksijeni, kila molekuli huipatia seli ATP 2 tu, yaani ile kemikali inayoendesha kazi zake. Kwa oksijeni zinapatikana kama 30. Ni mavuno kiduchu, ila huja haraka, na mkimbiaji wa mbio fupi anahitaji haraka hiyo. Shida ni kwamba uvunjaji huo hutegemea NAD, kipokezi cha elektroni ambacho seli inacho kidogo. NAD yote ikishabeba elektroni, kazi inasimama. Seli huzihamishia elektroni hizo kwenye piruvati, kinachobaki glukosi ikishavunjwa, ambayo hugeuka laktati (ndiyo sura ya asidi ya laktiki mwilini), na NAD inakuwa huru tena. Bila laktati, basi, msuli ungekwama mapema zaidi. Hamira nayo huachia NAD yake kwa kutengeneza alkoholi.

Wanaoilaumu hawakuota. Msuli unaofanya kazi kwa nguvu nyingi hujaa laktati, na asidi huongezeka humo kwa wakati huohuo. Ni haki kuihusisha na uchovu wa papo hapo. Hospitalini pia, laktati nyingi kwenye damu ya mgonjwa mwenye maambukizi makali ni dalili ya hatari, na daktari haipuuzi.

Lakini wanabiokemia Carl na Gerty Cori, waliopata Nobel mwaka 1947, walionyesha kwamba ini huichukua laktati na kuirudisha kuwa glukosi. Baadaye George Brooks, mtafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alionyesha kwamba misuli yenye oksijeni ya kutosha, na moyo wenyewe, huitumia kama chakula. Taka gani hiyo inayolisha moyo?

Maumivu ya kesho yake ndiyo hayana utetezi kabisa. Laktati hurudi kiwango cha kawaida ndani ya saa moja hivi, ilhali maumivu hufika kileleni siku ya pili au ya tatu. Chanzo chake ni majeraha madogo ya nyuzi za misuli, hasa baada ya kukimbia mteremko. Kocha anayemwongezea kijana mazoezi ili “atoe asidi” anaubebesha mzigo msuli uliojeruhiwa.