Waliosoma Kabla ya Bendera

Kila inapokaribia Juni 3, barabara za kwenda Namugongo hujaa watu wa miguu. Wengine wametoka pembe za mbali za Uganda, wengine wamevuka mpaka kutoka Kenya na Tanzania, ndala mkononi, dumu la maji begani. Mahujaji hawajafika bado, mjadala uleule wa kila mwaka umeshaanza: Mashahidi wa Uganda, Wakristo waliouawa kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, katika miaka ya 1880, walikufa kwa ajili ya nani hasa? Kuna wanaosema vijana wale walipoteza maisha kwa dini ya wageni waliokuja kumtengenezea mkoloni njia, na kwamba Mwafrika hakuuchagua Ukristo bali aliubebeshwa. Wengine wanajibu kwa kuwashukuru wamisionari waliotuletea nuru.

Nimezisikia hoja hizi misibani, kwenye mabasi, hata nje ya kanisa baada ya ibada. Wanaozitoa huzozana mpaka sauti zinakauka, lakini kuna jambo wanalokubaliana bila kujua. Wote wanamweka Mzungu kuwa mtendaji na Mwafrika kuwa mtendewa. Huyu anasema tulibatizwa kwa nguvu, yule anasema tulibatizwa kwa upendo. Aliyebatizwa mwenyewe, akili yake, hofu yake na sababu zake, hana nafasi kwenye mazungumzo.

Tumtazame basi jioni ya Mei 25, 1886, huko Munyonyo, ufukweni mwa Ziwa Viktoria. Kabaka Mwanga alirudi kuwinda viboko mikono mitupu, akakuta ikulu imepwaya, vijana wa kumhudumia hawaonekani. Alipojitokeza Mwafu, mtoto wa Katikiro, yaani waziri mkuu, Kabaka akamuuliza alikuwa wapi. Alikuwa na Denis Ssebuggwawo. Mkifanya nini? Alikuwa ananifundisha dini. Denis akaitwa, Kabaka akampiga kwa mkuki, na baadaye wauaji wakammaliza. Usiku huohuo Charles Lwanga, msimamizi wa vijana wa ikulu, alijua kwamba kesho yao imekwisha. Kati ya vijana wake walikuwamo wanne waliokuwa bado hawajabatizwa: Kizito, Mbaga Tuzinde, Gyavira na Mugagga. Akachukua maji akawabatiza mwenyewe.

Padri hakuwapo. Lwanga mwenyewe alikuwa na ubatizo wa miezi sita tu, maana alibatizwa Novemba 15, 1885, siku aliyouawa mkubwa wake, Joseph Mukasa Balikuddembe. Kijana anamfundisha kijana mwenzake na kuuawa kwa ajili hiyo, kisha kijana mwingine anawabatiza wenzake gizani. Anayesema dini hii ilisukumwa na Mzungu anionyeshe Mzungu aliyekuwa kwenye chumba kile.

Na Munyonyo si tukio la pekee. Mapadri Weupe, wamisionari wa Kikatoliki, walifika Buganda mwaka 1879, wakaondoka Novemba 1882 kwenda Bukumbi, kusini mwa ziwa, wasirudi hadi Julai 1885. Kwa zaidi ya miaka miwili na nusu Wakatoliki wa Buganda hawakuwa na padri hata mmoja. Kama dini ilisimama kwa nguvu ya mgeni, huo ndio ulikuwa wakati wa kuanguka. Badala yake wanafunzi waliongezeka. Balikuddembe alifundisha ndani ya ikulu. Andrew Kaggwa, mkuu wa ngoma za Kabaka, alifundisha nyumbani kwake. Mathias Kalemba Mulumba alifundisha Mityana.

Huyu Mulumba ninamrudia kila mara, kwa sababu maisha yake yanajibu swali la kuchagua kuliko hotuba yoyote. Alianza kwa kuwasikiliza walimu wa Kiislamu. Akahamia kwa Waprotestanti, akajifunza kwao. Mwisho akaenda kwa Wakatoliki, akabatizwa mwaka 1882. Alikuwa mtu mzima mwenye cheo, amezipima dini tatu kwa miaka. Mei 1886 walimkata viungo wakamwacha porini, karibu na mahali panapoitwa leo Old Kampala, na alichukua siku tatu kufa. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba alidanganywa kwa shanga ni kumvunjia heshima.

Kuna jambo wasomaji wa Kiswahili tunapaswa kulijua kuliko wengine wote. Aliyekaa ikulu kwa Muteesa I, baba yake Mwanga, na kumsomea Biblia kabla ya mmisionari yeyote alikuwa kijana Mwafrika, Dallington Muftaa. Alikuwa mtumwa aliyekombolewa, akasomeshwa Zanzibar na UMCA, misheni ya Waanglikana, akafika Buganda mwaka 1875 katika msafara wa mpelelezi Stanley. Stanley alipoondoka, Dallington alibaki. Kundi la kwanza la wamisionari wa CMS, misheni nyingine ya Waanglikana, liliingia Juni 30, 1877. Zaidi ya mwaka mzima kabla ya hapo, Injili ilikuwa inasomwa mbele ya Kabaka na mtoto aliyewahi kuuzwa, na ilisomwa kwa Kiswahili. Hata Alexander Mackay, mmisionari wa CMS, alipofika aliendelea kutumia tafsiri za Kiswahili za Askofu Steere, kwa kuwa Kiganda kilikuwa bado hakijawa na kitabu. Ndiyo maana Waganda wakasema *eddiini*, wakasema *ekitabo*. Maneno hayo hayakutoka London wala Paris. Yalipanda kutoka pwani na misafara, yakitanguliwa na Waislamu.

Na neno lililobeba yote ni kusoma. Waliojiunga waliitwa *abasomi*, wasomaji. Kwa Wakikuyu, miaka michache baadaye, Wakristo waliitwa *athomi*, maana ileile. Watu hawa hawakutenganisha kuamini na kusoma, na sioni kwa nini tuwalaumu. Mtu alishika karatasi akaona inasema leo kile ilichosema jana, mbele ya maskini na mbele ya mkubwa vilevile. Katika ikulu ambamo uhai wa mtu ulitegemea hali ya Kabaka asubuhi ile, hilo lilikuwa jambo la kutetemesha.

Hapa heshima yao wapewe Waislamu, kwa sababu ndio waliotangulia. Muteesa alifunga Ramadhani kwa miaka kadhaa na kuwahimiza watu wake wafuate. Vijana wa ikulu waliposoma sawasawa, wakaona Kabaka wao hajatahiriwa, wakakataa kula nyama iliyochinjwa kwake. Mwaka 1876 waliuawa kwa makumi, na wengi wao walichomwa Namugongo, miaka 10 kabla ya Lwanga na wenzake kuchomwa hapohapo. Wazo kwamba kuna amri iliyo juu ya amri ya Kabaka halikuanza na Wazungu. Wasomaji wa Kikristo walilikuta limeshalipiwa damu na wasomaji wa Kiislamu, na ninasikitika kwamba mahujaji wengi hupita Namugongo bila kuambiwa habari hiyo.

Sasa niende kwa wanaosema tulibebeshwa, maana si watu wa kupuuzwa.

Kwanza, Mwanga hakuwa mwendawazimu. Mwaka 1884 Mjerumani Carl Peters alikuwa Usagara anakusanya mikataba, na Agosti 1885 manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya Zanzibar. Habari hizo zilifika Buganda. Oktoba mwaka huohuo Askofu James Hannington, Mwanglikana, akaja kupitia Busoga, upande ambao Waganda waliamini adui wa kuimeza nchi ndipo angetokea, akauawa. Kabaka aliyeona wageni wanamjia kwa mlango wa nyuma, na ndani ya ikulu vijana wake wanasema wanaye mfalme mwingine, alikuwa na haki ya kuogopa. Na muda ulimpa haki: Uganda ilitangazwa himaya ya Uingereza mwaka 1894.

Pili, Waprotestanti na Wakatoliki walipigana wenyewe kwa wenyewe hapo Mengo, makao ya Kabaka, Januari 1892, na Kapteni Lugard, Mwingereza, akawapa Waprotestanti bunduki, na Maxim yake, bunduki ya rashasha, ikawa upande wao. Mkataba wa mwaka 1900 kati ya Waingereza na Buganda ukagawa maili za mraba 8,000 kwa machifu na wakubwa wapatao 1,000, wengi wao wabatizwa, na jumuiya za wamisionari zikapata maili zao 92. Waislamu, waliotangulia kusoma, waliambulia saza, yaani wilaya, la Butambala. Tangu siku hiyo dini ikawa na harufu ya ardhi. Aliyetaka uchifu alijua aingie kanisa lipi. Wakikuyu wanayo methali ya zama hizo: hakuna tofauti ya padri na mzungu. Mtu hatungi methali ya namna hiyo bila kuchomwa.

Rwanda ilikwenda mbali zaidi. Wabelgiji walimng'oa Mwami, yaani mfalme, Musinga mwaka 1931, wakamweka mwanawe Rudahigwa, machifu wakabatizwa kwa wingi na watu wakawafuata, Mwami mwenyewe akabatizwa mwaka 1943. Ulaya nayo ilipitia hayo mapema. Wasaksoni waliwekewa na Charlemagne sheria iliyosema anayekataa ubatizo afe. Kwa hiyo anayesema dini hii imewahi kuingia kwa upanga hasemi uongo.

Na tatu, jambo ambalo wenzangu wanaotetea wasomaji hulipita haraka: wake. Mulumba, kama wanaume wengine wenye cheo, aliwaacha wake zake akabaki na mmoja. Tunasimulia hilo kama ushujaa wake. Lakini mwanamke aliyetoka pale na kikapu chake kichwani, arudi kwa kaka zake akiwa ameachwa bila kosa, yeye alichagua nini? Jina lake halisomwi Juni 3. Sina jibu la kumfariji, na sidhani inafaa kulitafuta jibu la haraka.

Yote hayo nayakubali, na bado nasema hoja ya kubebeshwa imepotea mahali fulani, na mahali penyewe ni kwenye tarehe. Lwanga alikufa mwaka 1886, Maxim ikanguruma Mengo mwaka 1892. Mwaka 1886 kubatizwa hakukuwa na shamba wala uchifu ndani yake, kulikuwa na moto. Mukajanga, mkuu wa wauaji, alimlea Mbaga Tuzinde kama mwanawe, akamsihi akane au walau akubali kufichwa. Mlango ulikuwa wazi kabisa, na aliyeufungua ni baba mlezi. Mbaga akakataa. Mukajanga akaamuru apigwe rungu kwanza ili moto usimkute hai. Ukichukua kifo hicho na chifu wa mwaka 1900 aliyebatizwa ili apate maili zake, ukawatia kapu moja ukaandika juu yake "ukoloni", huwezi tena kuona lolote katika historia yetu.

Kuna na takwimu moja ambayo huwa siachi kuigeuzageuza. Mwaka 1910 Wakristo kusini mwa Sahara walikuwa takriban milioni 9, karibu asilimia 9 ya watu. Mwaka 2010 walikuwa zaidi ya milioni 500, kama asilimia 63. Najua idadi ya watu wote imeongezeka sana. Ndiyo maana naitazama asilimia kuliko mamilioni. Kama mjeledi ndio ulioleta watu, mjeledi ulipoondoka walipaswa kurudi makwao. Kuanzia mwaka 1957 bendera za wakoloni zilishuka moja baada ya nyingine, lakini makanisa yalijaa zaidi.

Naambiwa jibu ni shule na hospitali: mkoloni aliondoka, misheni ikabaki na madaftari na dawa. Hoja ina uzito, kwa maana wengi wetu tulianza kusoma kwenye majengo ya misheni. Lakini Tanzania ilitaifisha shule hizo kwa sheria ya mwaka 1969. Mtoto akawa anasoma bila kuulizwa cheti cha ubatizo, na makanisa hayakupungua. Tena makanisa mengi yaliyokua kwa kasi hayakuwa na shule wala zahanati ya kumvutia mtu. Yalikuwa na mti wa kukaa chini yake na mtu wa kijijini anayesoma kwa sauti.

Mtu huyo ndiye historia inayemsahau. Kanisa Katoliki linamwita katekista, Walutheri wanamwita mwinjilisti. Apolo Kivebulaya alikuwa wa aina hiyo. Muganda aliyebatizwa mwaka 1895, mwaka uliofuata akaenda Boga, kwenye ukingo wa msitu wa Kongo, akapigwa na watu wa Chifu Tabaro, akafungwa, akarudi tena, na Tabaro mwenyewe mwishowe akabatizwa. Alipokufa mwaka 1933 alikuwa ameacha agizo azikwe kichwa kikielekea magharibi, kuelekea msituni ambako hakuwa amemaliza kazi, ingawa desturi ilitaka vingine.

Mwanga alikufa miaka 30 kabla yake. Waingereza walimpokonya kiti mwaka 1897, wakamkamata mwaka 1899, wakampeleka Visiwa vya Shelisheli, mbali na ziwa alilowinda viboko. Huko, akiwa mfungwa wao, alibatizwa jina la Danieli, akafa mwaka 1903, na mwaka 1910 mifupa yake ikarudishwa kuzikwa Kasubi, alipolala baba yake, yule aliyesomewa Biblia na Dallington. Anayetafuta ubatizo wa kuutilia shaka, aanze na huo wa Shelisheli. Hata huo sithubutu kuuhukumu, kwa sababu hakuna aliyeandika Mwanga alisema nini alipokuwa peke yake.