Ufunguo Uko kwa Matroni

Jumapili iliyopita tulikwenda kumtembelea binti yangu shuleni. Tulikuwa watatu: mimi, mama, na mdogo wangu wa kike aliyekuwa likizo. Shule siitaji. Ni ya bweni, iko huku kwetu nyanda za juu kusini, na kwa baridi hii ya Julai watoto wanalala na sweta mbili na soksi. Tulibeba ndizi, parachichi, karanga za kukaanga na blanketi la kuongezea.

Mdogo wangu ni askari wa zimamoto. Hata akiwa amejifunga kanga kiunoni, akiingia kwenye jengo macho yake huanzia darini, yakashuka madirishani, yakaishia mlangoni. Mimi nilikuwa nasifia vitanda vilivyotandikwa vizuri. Yeye alikuwa anahesabu. Vitanda vya deka 28, kwa hiyo wasichana 56. Madirisha sita, yote yana nondo zilizochomelewa moja kwa moja kwenye fremu. Mlango mmoja. Na kwa nje ya mlango huo, pete mbili za chuma na kufuli la ukubwa wa ngumi.

"Shikamoo mama," mdogo wangu alimwambia matroni. "Hili kufuli usiku linafungwa?"

"Marahaba mwanangu. Nalifunga saa nne, nalifungua saa kumi na moja alfajiri."

"Na ufunguo unalala wapi?"

"Kwangu."

Kwake ni kijumba ng'ambo ya uwanja wa netiboli. Mdogo wangu akamwomba kwa heshima zote aende akaulete kama vile ameamshwa usiku, akabonyeza saa ya simu. Matroni akaenda, akarudi na fungu la funguo, akajaribu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne ukaingia. Dakika nne na sekunde kumi. Hapo ni mchana, jua linawaka, hakuna anayepiga kelele, na mikono ya matroni haitetemeki.

"Lakini jamani, moto utoke wapi hapa?" aliuliza. Aliuliza kwa moyo mweupe, nami sina kinyongo naye. Ila tangu siku hiyo nikifumba macho naliona lile kufuli.

Linanisumbua kwa sababu najua mdogo wangu alifundishwa nini. Alipoitwa kwenye mafunzo alipanda basi la alfajiri pale kituo cha Nane Nane na tranka lake, kwenda Chuo cha Zimamoto na Uokoaji Chogo, Handeni. Mtoto wa Uyole, Mbeya, aliyekulia kwenye ukungu, akaenda kukutana na joto la Tanga. Aliporudi mama alimtazama mara mbili ndipo akamkumbatia. Mabega yametanuka, sauti imekauka kwa kuitikia nyimbo za mchakamchaka. Wiki nzima alitusimulia maisha ya kuruta: filimbi saa kumi usiku, kwata mpaka nyayo zinawaka, kazi za fatiki, foleni ya ugali na maharage, hanga la kulala ambamo shuka likipinda kidogo tu wote mnatoka nje kuruka kichura. Alisimulia jinsi mpira wa maji ulivyo mzito ukishajaa, unavyomburuta mtu mmoja kama hajajua kuweka miguu, na jinsi walivyofundishwa kuukunja na kuukunjua mpaka vidole vikaota sugu.

Watu wengi wanadhani zimamoto ni kushika mpira na kumwaga maji. Nami nilidhani hivyo. Lakini somo analolirudia mpaka leo halina maji hata tone. Walifungwa vitambaa machoni, wakaingizwa mmoja mmoja kwenye jengo wasilolijua, lililojazwa meza na vitanda vilivyopinduliwa, kumtafuta mwenzao aliyejilaza mahali fulani humo ndani. Unaingia kwa magoti, kwa sababu moshi hupanda juu na hewa iliyobaki iko sakafuni. Mkono mmoja haubanduki ukutani. Ukiubandua umepotea, hata kama chumba ni kidogo kama jiko la mama. Ukifika kwenye mlango uliofungwa unaugusa kwa mgongo wa kiganja kabla ya kufungua, kwa sababu kiganja chenyewe utakihitaji kutambaa. Na ukitoka umembeba mwenzio, mkufunzi hakuulizi kwanza kuhusu huyo majeruhi. Anakuuliza: mlango uko wapi? Unatakiwa uonyeshe kwa kidole, kitambaa kikiwa bado machoni. Ukikosea, unarudi mwanzo. Mdogo wangu alirudi mara saba. Mara ya saba alikuwa analia ndani ya kitambaa, lakini alionyesha mlango.

Sasa nifikirie na wewe. Hawa ni vijana waliokomazwa kwa miezi. Wanavaa kofia ngumu, buti, koti zito, mtungi wa hewa mgongoni. Na bado wanaambiwa: usiingie kabla hujajua utatokea wapi. Halafu mtoto wa miaka 14 mwenye gauni la kulalia tunamfungia usiku kucha ndani ya chumba ambacho jibu la swali la mkufunzi ni kwamba mlango uko, ila ufunguo uko kwa matroni.

Na tunamfungia na nini? Magodoro 56 ya sponji. Sponji haiungui kama kuni. Inayeyuka, inadondoka ikiwaka, na moshi wake mweusi una sumu za kaboni monoksidi na sianidi. Pumzi chache tu zinatosha kumfanya mtu asijue tena kushoto na kulia. Wengi wanaokufa kwenye moto wa ndani huuawa na moshi kabla ndimi hazijawafikia. Dakika nne na sekunde kumi kwenye bweni la namna ile ni umri mzima.

Wanaosema "moto utoke wapi" niwakumbushe Idodi. Hapo ni Iringa, barabara ya kwenda Ruaha, siyo nchi ya mbali. Agosti 2009 bweni la wasichana liliwaka usiku, wakafa wanafunzi 12, na chanzo kilichoelezwa ni mshumaa wa kusomea. Kabla ya hapo Shauritanga, Rombo, mwaka 1994, wasichana wapatao 40. Baada yake Byamungu, Kyerwa, Septemba 2020, watoto 10. Kwa majirani zetu Kenya, pale Kyanguli mwaka 2001, walikufa wavulana 67. Bweni lilikuwa na milango miwili, mmoja umefungwa kwa kufuli, na madirisha yana nondo. Mshumaa, soketi iliyolegea, mtu mwenye nia mbaya, vyanzo havifanani. Kufuli na nondo ndivyo vinavyojirudia, na hivyo vimefungwa na mikono yetu wenyewe, kwa nia njema.

Nakubali, tena kwa shingo upande, kwamba mwalimu mkuu ana hofu zake. Wezi wapo. Wanaume wanaoruka uzio wapo, na binti akipata ujauzito sisi wazazi ndio wa kwanza kumfuata mwalimu ofisini tukiwa tumefura. Mimi mwenyewe nilisoma bweni lililofungwa kwa nje na mama alilala usingizi mzuri kwa sababu hiyo. Lakini mwizi anazuiwa na komeo la ndani na mlinzi aliye macho. Wanaotoroka wanahesabiwa. Mtoto anayeungua hakuna wa kumrudisha.

Ile lawama ya kila siku kwamba zimamoto "huja bila maji" niiseme kwa ufupi, maana najua wengine mtairukia. Gari lenye lita 5,000, likifungua mpira mmoja unaotoa lita 500 kwa dakika, lina dakika 10. Baada ya hapo linahitaji pa kujazia. Kama mtaani kwenu bomba la kujazia magari limefukiwa chini ya kibanda, askari hana muujiza. Soko letu la Mwanjelwa lilipoteketea Desemba 2006 mji mzima ulisimama kutazama. Tungetumia ule uchungu kujifunza kuacha njia. Tena shule nyingi za huku ziko mbali na mjini, na kwenye barabara hizi za vumbi na miteremko hata ukipiga 114 sekunde ileile, gari litakuta mambo yameshaamuliwa. Anayeamua ni yule aliyepo bwenini.

Ndiyo maana nasema mafunzo ya Chogo yasiishie kwenye gwaride la kuhitimu. Sheria ya Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 inalipatia jeshi hilo mamlaka ya kukagua majengo, na ukaguzi nauunga mkono. Lakini karatasi ya ukaguzi haitambai kwenye moshi. Kila matroni, kila patroni, kila mlinzi wa shule ya bweni kuanzia Rungwe, Makete, Njombe hadi Mufindi apewe siku mbili tu za lile somo la kitambaa. Atambae yeye mwenyewe. Aulizwe mlango uko wapi. Nina hakika atakayepitia hapo hatakaa na funguo nne zisizo na alama kwenye pete moja.

Na kwa kuwa nimeitaja baridi: matroni yule alikuwa na jiko la mkaa chumbani kwake, anasema analiingiza ndani likishaacha kutoa moshi. Mdogo wangu alimshika mkono akamweleza taratibu kwamba mkaa usiotoa moshi ndio unaoua kimyakimya, mtu analala na haamki. Huku kwetu tunazika watu hivyo kila msimu wa baridi, kisha tunatafuta mchawi.

Kabla hatujaondoka mdogo wangu alifanya kitu ambacho hakikuwa kwenye ratiba ya mtu. Aliwaita wasichana wanane, akawafunga kanga machoni, akawaweka kwenye kona ya mwisho ya bweni. "Mkono ukutani. Magoti chini. Nitafute mlangoni." Wenzao waliokuwa wanacheka walinyamaza baada ya muda mfupi. Binti yangu alikuwa wa tano. Alienda vizuri mpaka kitanda cha tatu, akagonga tranka lililoachwa njiani, akalizunguka, akaupoteza ukuta. Nilimwona anapapasa hewani, mikono mbele, akizunguka palepale, hatua tatu kutoka mlango uliokuwa wazi. Akaanza kuita "mama". Nilitaka kumkimbilia. Mdogo wangu akanizuia kwa mkono: "Muache, dada. Atafute ukuta."

Aliupata. Alipotoka magoti yalikuwa meupe kwa vumbi, na kanga imelowa. Dakika chache baadaye matranka yote 56 yalikuwa chini ya vitanda, na matroni ndiye aliyekuwa anayasukuma.

Kikao cha wazazi ni Jumamosi ijayo. Nimeshaongea na fundi wa kuchomelea pale Mwanjelwa. Anasema nondo za madirisha mawili, moja kila upande, zinaweza kukatwa na kuwekwa kwenye fremu yenye bawaba, ifunguke kwa kusukuma, komeo liwe la ndani mahali mkono wa mtoto unapofika na mkono wa mwizi haufiki. Kazi ya siku moja. Aliniuliza komeo likae urefu gani kutoka sakafuni. Nilimpigia mdogo wangu, akasema lisizidi kimo cha mtoto aliyepiga magoti.