Nilivyokwenda Kupiga Picha Wari

Kosa la kwanza lilikuwa kumwambia mke wangu ukweli. "Kesho alfajiri naenda kupiga picha wari," nilisema huku nafuta lenzi. Akaacha alichokuwa anafanya.

"Wari wa nani?"

Nikaeleza: ndege, wale wakubwa weupe, wenye mdomo mrefu na mfuko chini yake. Akasema, "Hm." Hiyo "hm" ilinisindikiza mpaka ziwani.

Ziwani nililala kifudifudi kwenye tope tangu giza. Nilikuwa nimeazima lenzi ndefu kama bomba la maji, kamera nimeitega 1/2000 ya sekunde, namtaka mwari angani, mabawa yamefunguka karibu mita 3. Sikujua kwamba ndege wa kilo 10 hana haraka. Husubiri jua lipashe ardhi moto, hewa ipande, naye apande nayo bila kujichosha. Saa kumi na mbili hawakuruka. Saa moja hawakuruka. Saa mbili walijipanga nusu duara, wakawaswaga samaki hadi maji mafupi, wakatumbukiza midomo yote kwa pamoja. Nikapata picha mia mbili za visogo. Tena visogo vya kijivu, maana weupe wao huidanganya kamera ikadhani mwanga umezidi.

Saa nne kundi zima likapaa na kunizungukia taratibu juu ya kichwa. Nilikuwa nabadilisha betri.

Rafiki yangu mmoja akanishauri niende kwenye bustani ya jiji, huko wari wamezoea watu. Nikasoma kidogo, nikakuta kwamba katika bustani ya St James's mjini London wapo tangu 1664, balozi wa Urusi alipomzawadia Mfalme Charles wa Pili. Nikafunga ukurasa nimeridhika: ndege wa kifalme, watakuwa na adabu. Laiti ningeendelea kusoma. Chini kidogo palielezwa kwamba mwaka 2006 mmoja wao alipigwa picha akimmeza njiwa mzima mzima.

Basi nikafika bustanini na bomba langu shingoni. Mwari alikuwa kando ya bwawa, anajipaka mafuta manyoya kwa mdomo. Nikapiga magoti. Akanitazama, akaja. Kila nikimtafuta kwenye lenzi naona ukungu tu, kwa sababu lenzi ndefu namna ile haioni kitu kilichokaribia sana. Nikawa nazungusha pete, nazungusha, ukungu unazidi kuwa mweupe. Kisha ukawa mwekundu. Kisha pakawa giza.

Alikuwa ameimeza lenzi mpaka kwenye kamera.

Mfuko wa mwari si ghala, ni wavu. Huchota samaki pamoja na maji, hata lita 10 na zaidi, kisha huinamisha mdomo kifuani maji yatoke, ndipo huinua kichwa ameze. Huyu aliifuata kanuni hiyo hatua kwa hatua. Akainamisha, na mimi nikainama, kwa kuwa mkanda ulikuwa shingoni mwangu. Akasubiri maji yatoke. Hayakutoka. Akainua kichwa, nami nikainuka. Akainamisha tena. Watoto wakakusanyika. Mzee mmoja kwenye benchi akashusha gazeti: "Kijana, usimvute, utamuumiza." Mimi nilidhani anayeumia anaonekana.

Muda wote huo kidole changu kilikuwa kimeganda kwenye kitufe, kamera inafyatua mfululizo. Tra-ra-ra-ra mdomoni mwa ndege. Nadhani hiyo kelele ndiyo iliyomchosha. Akaitema, akanipa mgongo, akarudi kwenye manyoya yake. Kamera ilikuwa inachuruzika ute wenye harufu ya samaki wa juzi. Kifuniko cha lenzi sikukiona tena. Alhamdulillahi, nilikikuta mfukoni mwangu jioni, maana nilikuwa nimeshaanza kumwombea dua ndege wa watu.

Nyumbani mke wangu alikuwa ananingoja. "Haya, nionyeshe hao wari."

Nikampa kamera. Picha arobaini na tatu, zote za ukungu, ila rangi ilijieleza: ngozi laini, imelowa, waridi inayokaribia wekundu. Akatazama moja. Akatazama ya pili. Akaiweka kamera mezani polepole.

"Huyu ndiye mwari?"

"Ndiye. Hapo ni ndani ya mdomo."

"Mlikaribiana kiasi hicho?"

"Yeye ndiye aliyeanza," nikasema, na papo hapo nikatamani nilimeze hilo neno.